Sikio la Kulia la Devotha

Sikio la kushoto la Devotha liliuawa na kofi. Makofi alikuwa ameshakula mengi, lakini lililolimaliza lilikuwa moja tu, la mumewe Castory, siku ya Pasaka, kwa kosa la kuchelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya. Alisikia mlio mwembamba kama wa birika linalochemka, damu ikamchirizika hadi kwenye kola ya sare, na tangu hapo upande ule ukawa ukuta. Kwaya aliiacha mwenyewe. Mwalimu hakuwa na roho ya kumwambia kwamba sauti yake ya pili sasa inapotea njia, lakini macho ya wenzake aliyaona, na macho hayahitaji sikio.

Watu wa Bigwa, mtaa wake, waliuliza, kama watu wanavyopenda kuuliza mambo ya nyumba za wenzao, kwa nini hamfukuzi huyo mume. Swali zuri. Nyumba ilisimama kwenye kiwanja cha bibi yake mzaa mama, na kwa Waluguru ardhi hupita kwa mama. Mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Hula, hulima, huzaa, na siku adabu ikimshinda hulibeba sanduku lake akaondoka. Ila Castory alitoka kusini, Mbinga, ambako nyumba ni ya baba na ugomvi umeisha. Alikuja Morogoro kijana, akapata kazi katika kiwanda cha magunia, akampenda Devotha kwa ajili ya sauti yake. Hilo nalo ni kweli, tusimdhulumu. Akahamia Bigwa, na kwa miaka kumi na minane hakuwahi kujiuliza amesimama juu ya udongo wa nani.

Kisha kiwanda kikauzwa, mwekezaji akaja na tai yake, wafanyakazi wakapunguzwa. Mafao yake Castory aliyamalizia kwenye bati. Aliezua nyasi, akaezeka nyumba nzima, jiko na choo, na tangu siku ile kila akilewa alinyoosha kidole juu.

"Hii nyumba ya nani? Tazama juu! Ya nani?"

Hilo ndilo lililomfunga Devotha. Utamwambiaje atoke mtu aliyekukinga na mvua? Aibu hufunga kuliko katani. Akakaa, akapigwa kwa mkanda, kwa ubapa wa panga, kwa mnyororo wa baiskeli, na kila alipopigwa aliinua viganja vyake viwili akalifunika sikio la kulia. Mgongo ungepona. Sikio lilikuwa limebaki moja.

Televisheni ilikuwa yake. Aliinunua kwa njegere na kabichi alizozishusha milimani kwa kichwa chake. Ilikuwa ndogo, ya inchi kumi na nne, antena yake imefungwa kwenye mwanzi uliosimama juu ya paa. Ukiugusa mwanzi ule kidogo tu, watu wa Dar es Salaam wote wanageuka chenga.

Mwaka huo Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Devotha alipika pilau ya Wakristo mchana, kisha akabandika uji wa futari kwa ajili ya mjomba wake, mzee Nasibu, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuwa ameteremka kutoka Mkuyuni na mkungu wa ndizi kuja kumpa mpwa wake mkono wa sikukuu. Waluguru hawagombani kwa dini. Mama mmoja anaweza kuzaa shehe na katekista. Castory alikuwa ametoka tangu asubuhi kwenda kilabuni.

Saa kumi na moja jioni ikaanza sinema ya Krismasi. Devotha alikaa kwenye kigoda, kiubavu, sikio la kulia likielekea televisheni na macho yakifuata kwa pembeni. Kando yake aliketi jirani yake Shamimu, naye amefunga, na nyuma yao mzee Nasibu alikuwa kwenye mkeka, mbele yake sahani ya tende za kufuturia. Binti yake Angelina, wa kidato cha pili, alikaa chini awatafsirie Kiingereza.

Ilikuwa hadithi ya mzee mpiga kinanda aliyegombana na bintiye. Binti alikuwa mwimbaji. Siku alipoondoka nyumbani, mzee alikifunga kinanda kwa ufunguo, akautupa ufunguo mtoni. Miaka kumi hawakusemezana. Sasa mama anaumwa, binti yuko ndani ya basi anarudi, na nje theluji inaanguka.

"Hiyo si sufi hiyo?" Shamimu akauliza.

"Ni barafu, mama mdogo," Angelina akasema.

"Barafu gani inaanguka polepole hivyo? Sufi hiyo. Hawa wana msufi."

Devotha alicheka mpaka akajishika mbavu, na mbavu zilikuwa bado zinauma za wiki iliyopita. Kisha akainama mbele, maana mzee alikuwa amesimama mbele ya kinanda kilichofungwa, anakipapasa kifuniko kama mtu anayepapasa kaburi.

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu, mama."

"Alimpiga, huyo. Namwona mikono. Sasa anajuta." Angelina alijua kwamba kwenye sinema hakuna aliyepigwa, lakini hakumsahihisha. Machozi yalikuwa yanamtoka mama yake, na yalikuwa machozi matamu. Devotha alitaka kitu kimoja tu katika sikukuu ile yote: kusikia kinanda kile kikifunguliwa.

Castory aliingia kwa mlango wa kushoto.

"Nani kakuruhusu kujaza watu humu?"

Devotha hakugeuka. Uso wake ulikuwa kwenye basi lililokwama njiani.

"Wewe! Nasema zima hiyo!"

Hakusikia, na angesikiaje? Sikio la upande ule Castory alikuwa amelizika kwa mkono wake mwenyewe, akasahau, kama mchawi anayesahau alipofukia. Aliona kiburi tu. Akakipiga kigoda teke, Devotha akaanguka chali. Akamkanyaga mkono, kidole kikalia kama kijiti kikavu. Akavua mkanda, akampiga kwa upande wenye chuma: bega, paja, shingo. Angelina alipiga yowe. Shamimu aliurukia ule mkono wenye mkanda, akatupwa ukutani, kitambaa chake kikamtoka kichwani. Devotha alijikunja, viganja vyote viwili juu ya sikio la kulia.

"Piga kokote, Castory! Hili hapana! Hili niachie!"

Heri asingesema. Mlevi alitazama vile viganja akaelewa mahali pa kuumiza. Alimshika nywele, akamvuta akamketisha, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo mzee Nasibu alipoinuka kwenye mkeka. Alimshika Castory kifundo cha mkono, wala hakupaza sauti.

"Baba, nimefunga. Usinifungulishe kwa damu ya mtoto wangu."

Castory akageuka akamzaba kofi.

Kofia ya mzee iliruka ikaangukia kwenye sahani ya tende. Kwenye televisheni basi lilikuwa bado linanguruma. Kumpiga mke, dunia hii yenye laana hukuita ugomvi wa nyumbani. Lakini mjomba ndiye mlango wa nyumba ya Kiluguru. Ukimpiga mjomba, umeufunga mlango ukiwa nje.

Devotha hakukumbuka baadaye alivyofika kwenye kinu. Alikumbuka uzito wa mchi tu. Pigo la kwanza lilimpata Castory mdomoni, meno mawili yakadondoka sakafuni kama punje za mahindi. La pili lilimpata begani, akapiga magoti. La tatu aliliinua juu kabisa. Lingeshuka utosini, na Krismasi ile angelala mahabusu.

"Mama!" Angelina akalia.

"Basi, mwanangu," akasema mzee Nasibu, akiipangusa kofia yake. "Hilo la tatu ni langu." Akachutama mbele ya Castory. "Uliingia hapa na nini?"

Castory alitema damu. "Sanduku."

"Angelina, mtolee baba yako sanduku."

"Na bati?" Castory akafoka, povu jekundu likimtoka. "Bati je? Mtalala chini ya nini, nyie?"

Devotha akashusha mchi. Swali lilelile lililomfunga miaka yote hiyo lilikuwa limetoka, akalisubiri jibu kama anayesubiri kuhukumiwa.

"Ziezue," mzee akasema. "Bati zako. Kuta zetu."

Ilikuwa nyepesi kiasi hicho! Devotha aliona hasira imempanda upya, safari hii juu yake mwenyewe, kwa ngozi yote aliyoilipia maneno manne ambayo hakuwahi kuyasema.

Castory alichukua nyundo akapanda juu ya paa, na kwa ubaya wake akaanzia sebuleni. Misumari ililia ikichomolewa. Bati la kwanza lilishuka uani kwa kishindo, likakata mpapai. Mbingu ikaonekana, na wingu la Uluguru, ambalo halijawahi kuhitaji mwaliko, likaanza kudondosha. Shamimu akafungua mwavuli wake, akasimama nao juu ya televisheni. Devotha alisimamisha kigoda, akakaa, mchi mapajani, kidole kimevimba, shingo imevilia damu. Kwenye sinema binti alikuwa amefika nyumbani kwao. Mzee wa kinanda alikuwa ameshika nyundo.

"Anakivunja," Angelina akanong'ona. "Anakivunja kifuniko, mama."

Castory alichungulia kwenye uwazi, akawaona wameketi kwenye mvua wanatazama. Akaushika mwanzi wa antena akaupinda. Picha ikatoweka, kioo chote chenga.

"Haya! Mnaona nini sasa?"

Katikati ya chenga kinanda kikalia. Kwanza sauti moja yenye kutu, ikimtafuta mwenzake, kisha ya pili, kisha binti akaimba na baba akaingia chini yake. Devotha aliinama hadi sikio lake la kulia likagusa televisheni. Akaisikia yote. Pale sauti ya pili ilipotakiwa akaiweka, imepinda kidogo, anajua, akaendelea nayo hadi mwisho.

"Hatuoni," akamjibu. "Tunasikia."

Kutoka chini kwenye msikiti adhana ikaanza. Shamimu akampa mzee tende iliyolowa, naye akachukua moja.

Juu ya paa, nyundo ya Castory ilikuwa imesimama. Devotha akainua uso kwenye mvua.

"Castory! Na za jikoni usizisahau."