Nilimjibia Mama Swali la Kizazi Chake

Kosa langu ni neno moja. Nilisema "ndiyo" mahali nilipopaswa kunyamaza, na neno hilo nusura linichukulie mama yangu. Naficha jina kwa sababu Mtwara ni ndogo, na mama bado anapita njia ile ile kwenda kazini. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Mimi ni msichana, nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita. Nilisoma takwimu. Nipo nyumbani, Magomeni ya huku huku Mtwara, nasubiri ajira, na wanaonijua wanasema ninafikiri kupita kiasi. Ni kweli. Nikitumwa chumvi, nageuka mlangoni kuuliza ya mawe au ya unga. Mtu akinijibu "sawa" peke yake kwenye simu, nausoma ujumbe mara sita nikitafuta nilipomkosea.

Mama anabangua korosho Chuno, kwenye banda la akina mama. Mwaka juzi alianza kulowa jasho ghafla, uso na shingo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Alidhani ni moto wa kukaangia. Wakamhamishia kwenye kumenya maganda, mbali na jiko, joto likamfuata huko huko. Wenzake wakamtania kuwa ameolewa na jini la korosho. Alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa hasemi. Alikuwa halali vizuri, anasahau vitu, analia kwa sababu ya sufuria kuungua.

Nilijua kuwa hedhi yake imekoma. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu Ramadhani mbili zilipita akiwa amefunga siku zote bila kubakiwa na siku za kulipa.

Kwetu mambo haya mama na binti hawaambiani. Mama ni mtu wa Kitaya, na huko habari za kizazi binti huambiwa na somo wake, mwanamke anayemfunda unyagoni. Mama mzazi hutazama pembeni. Mimi nilichezwa unyago nikiwa darasa la saba, na tangu hapo mama hajawahi kutamka neno hedhi mbele yangu. Nami kwake ni hivyo hivyo.

Basi badala ya kuzungumza naye, nikasoma. Jamani, nilisoma! Nilijifunza kwamba kuna tiba ya homoni, kurudishia mwili kile ulichoacha kutengeneza. Nikachora jedwali: tembe upande huu, viraka vya kubandika ngozini katikati, jeli ya kupaka upande ule. Nikaandika faida, hatari, historia ya presha kwenye ukoo, ugonjwa wa matiti kwenye ukoo, kuganda kwa damu. Nilimuuliza mama mdogo kama bibi yao alikufa kwa presha au kwa uzee, akaniuliza kama nataka kurithi. Sikuacha kitu.

Nikampeleka mama kwenye zahanati moja binafsi. Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa bara, mpole, anaongea Kiswahili cha vitabuni. Nilimpa jedwali langu. Alilisoma hadi mwisho na kunisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Kisha akamgeukia mama. "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi?"

Mama akatazama sakafu. Alianza kufunga na kufungua pindo la mtandio wake. Niliona aibu kwa niaba yake. Nilitaka ile aibu ipite haraka.

"Ndiyo," nikasema. "Alitolewa kizazi nikiwa darasa la nne."

Daktari hakuniangalia mimi. "Ni kweli, Mama?"

"Kama alivyosema mwanangu," mama akajibu.

Kwa nini niliamini hivyo? Nilipokuwa darasa la nne mimba ya mama iliharibika, akalazwa. Mama mkubwa alirudi kutoka hospitali, akaniambia: "Mama yako wamemsafisha kizazi, hakuna tena." Mimi mtoto nikaelewa kwamba kizazi hakipo tena. Kumbe alisema hakuna mtoto tena. Nilikua na habari ile kichwani kama mtu anavyokua na kovu, sikuigusa wala kuiuliza. Wala sikujiuliza asiye na kizazi alikuwa na siku gani za kulipa Ramadhani miaka yote ile. Mimi ninayerudi kuuliza aina ya chumvi!

Sasa jueni kwa nini swali lile lilikuwa zito. Daktari alinieleza baadaye, lakini aibu yangu ni kwamba lilikuwemo kwenye jedwali langu mwenyewe, mstari wa tatu. Mwanamke asiye na kizazi anaweza kupewa homoni moja, estrojeni, peke yake. Mwenye kizazi lazima aongezewe ya pili, projesteroni, ya kulinda ukuta wa ndani. Bila hiyo, ule ukuta unaendelea kunenepa, na ukinenepa sana unaweza kugeuka saratani. Nilipoandika mstari ule niliuwekea alama ya vema. Haumhusu mama, nikapita.

Mama akaandikiwa viraka vya homoni moja. Duka la dawa liliviagiza Dar, vikaja na basi. Nilikuwa nambandikia mwenyewe, chini ya kiuno, kila siku niliyoiwekea kengele kwenye simu. Ndani ya wiki chache joto likapungua. Akaanza kulala. Akaanza kuimba tena akichambua mboga. Nilijisikia nimemzaa mimi.

Mwezi wa saba au wa nane hivi tangu aanze viraka, nikaona msala wake umekunjwa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Siku ya pili vile vile, siku ya tano vile vile. Akasali wiki moja, akaacha tena. Nikaanza kufikiri. Labda ana sonona. Labda amegombana na wenzake. Labda nimemkosea. Nilisoma kurasa na kurasa kuhusu huzuni ya wanawake wa umri wake. Nilimuuliza kama ana mawazo, akasema hana mawazo. Mwanamke wa Kiislamu ameacha kusali kwa siku kadhaa, anarudi, anaacha tena, na binti yake mwenye shahada hakuwaza damu! Kwangu mimi isingewezekana. Kizazi si kilitolewa?

Aliyejua ni somo wa mama, Bi Tabia, aliyekuja kutoka Kitaya na kiroba cha muhogo mkavu. Walijifungia chumbani tangu asubuhi hadi chai ya saa nne ikapoa. Alipotoka alinikuta napepeta mchele.

"Wewe msomi," akasema, "kizazi cha mama yako nani kakitoa?"

Nikamwambia hospitali, nilipokuwa darasa la nne.

"Walimsafisha. Kusafisha chungu ndiyo kukitupa?"

Ungo ulinitoka mikononi.

Mama alikuwa anatokwa damu miezi miwili. Alidhani dawa imemrudishia ujana, akaona haya kuniambia. Na pale kwa daktari, niliposema alitolewa, alishangaa moyoni, kisha akajiambia kwamba pengine madaktari walimweleza mtoto jambo walilomficha yeye. Mimi ndiye niliyesoma. Aliniamini kuliko alivyouamini mwili wake.

Tulikwenda hospitali siku ile ile. Kipimo cha picha kikaonyesha ukuta umenenepa. Viraka vikasimamishwa, wakachukua kinyama kidogo, kikapelekwa Dar kupimwa. Tulisubiri wiki tatu. Sitaki kuzisimulia. Mama aliendelea kubangua korosho, mimi nilikuwa siwezi hata kumeza uji.

Majibu yalisema si saratani, ila chembe za ukuta ule zimeanza kubadilika vibaya. Sasa anameza projesteroni na atachukuliwa kipimo tena, na tena baada ya hapo. Joto limemrudia. Daktari anasema wataangalia tiba ya joto hapo mbele, kwa taratibu, si sasa. Kila nikimwona anajipepea kwa kipande cha boksi, najua nani kamfikisha hapo.

Mama hakunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Ila siku za kliniki anakwenda na Bi Tabia. Mimi nabeba begi na kubaki kwenye benchi la nje. Mara ya mwisho pazia lilikuwa jepesi. Daktari mpya alianza maswali upya, akafika kwenye lile lile. Nikasikia Bi Tabia akinyamaza. Nikasikia sauti ya mama, ya juu, ile ya kuitia watu bandani:

"Kizazi changu ninacho. Andika."

Nililia pale kwenye benchi, mbele ya watu.

Ndugu zangu mliosoma, wapelekeni mama zenu wakatibiwe. Hilo joto si jini na dawa zipo. Lakini mkifika kwa daktari, mwambieni mama kwa maneno ya nyumbani kile kinachoulizwa, kisha tokeni nje kama uwepo wenu unamfunga mdomo. Na daktari akikugeukia wewe, nyamaza. Nyamaza hata kama una hakika. Mimi nilikuwa na hakika.