Kijiko cha Mafuta ya Bangi

Katika duka la dawa hapa Madungu, nikisubiri zamu yangu, bibi mmoja aliisogeza chupa ndogo mbele ya muuzaji huku akiifunika kwa kiganja.

"Mwanangu, mafuta haya kaniletea mjukuu kutoka Ulaya, ya magoti ya babu yake. Hutumiwaje?"

Muuzaji alisoma kibandiko, akashusha sauti. "Bi, haya ni ya bangi. Kwetu marufuku. Hata yanakoruhusiwa, mzee humuuliza daktari kwanza, kisha huanza kwa tone. Hujampa?"

"Nishampa kijiko, kama mafuta ya habbasoda."

"Anatumia dawa ya presha?"

"Kila siku. Sasa kalala, namwita haitiki." Akamshika muuzaji mkono. "Usinipeleke polisi, baba."

"Polisi gani, Bi? Twende tukamchukue!"

Nilifuatana nao, tukamchukua mzee nyumbani mpaka hospitali. Daktari akauliza mzee amekula nini. Bibi akatazama sakafu.

"Muhogo na chai tu."

Muuzaji akaiweka chupa mezani. Alhamdulillahi, jioni mzee alifumbua macho.

Wazee wangu, nawaelewa mkiogopa. Lakini daktari mwambieni kweli. Askari atajibiwa na aliye hai.