Mteja Wangu Alitaka Kwenda Kuomba Chakula

Mtihani wangu wa mwisho wa kupanga fedha nusura uvurugwe na mama mtu mzima aliyetaka kwenda kuomba chakula vijijini.

Na wala hakuwa maskini.

Naitwa Mrunal, mwenyeji wa Nashik, India. Nilikuwa nasoma stashahada ya uzamili ya upangaji fedha mtandaoni, sikio moja kwa mhadhiri, jingine kwa sufuria ya presha.

Mtihani ulikuwa hivi: unaandaa mpango wa fedha wa wateja halisi, unawaeleza huku mtahini akitazama kwa video, na mwisho kila mteja anasema kama ameridhika. Mmoja akikataa, umefeli.

Nilishafeli mara moja. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na ofisi moja ya mji wa Pune ilikuwa inasubiri cheti tu inipe kazi.

Wateja wangu walikuwa majirani: mzee Madhukar, mstaafu wa reli, na mkewe Vasudha. Nilipokwenda kuwahoji, mzee alijibu kila kitu. Mama alileta chai. Kwamba mama anapenda kusafiri, aliniambia mzee.

Siku ikafika, mimi na wateja wangu tukakaa mbele ya kompyuta moja. Mtahini, Dkt. Revathi, akatokea kwenye skrini, kakunja uso. Nikamwaga sera. Bima ya afya, akiba ya dharura, na safari ya Singapuri kwa ajili ya mama.

"Singapuri nikafanye nini?" mama Vasudha akauliza.

Nikapekua karatasi zangu.

"Mama, wewe unataka nini hasa?" Dkt. Revathi akauliza.

"Nataka kwenda hija, kuuzunguka mto mtakatifu Narmada kwa miguu. Tangu nimeolewa nataka. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mzee Madhukar akamgeukia mkewe kama ndiyo anamwona.

Nikajitia mjanja. "Hamna shida, mama. Nafuta Singapuri, naweka hela ya malazi na chakula njiani."

Mama akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Mtoto wewe, umezaliwa wapi? Anayemzunguka Mama Narmada habebi hela. Unatembea miezi, unaomba, watu wa vijijini wanakulisha."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Hilo kila mtu wa kwetu analijua. Nimekesha nasoma riba, nikasahau.

"Kwa hiyo safari haina gharama?" Dkt. Revathi akauliza.

"Gharama ni huyu hapa," mama akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Hata chai hajui kuchemsha."

"Basi nitakwenda na wewe," mzee akasema.

"Kwa magoti hayo? Hujaalikwa."

Nikafuta harakaharaka, nikaandika hela ya mtu wa kumletea mzee chakula kila siku mpaka mkewe arudi.

"Mama, umeridhika?" Dkt. Revathi akauliza.

"Nimeridhika sana."

"Mzee?"

Akatikisa kichwa. Nikajua kimenuka.

"Sijaridhika," akasema. Akainama, sauti ikapungua. "Sitaki chakula cha kuletewa. Anifundishe kupika kabla hajaondoka. Nami nataka nimngoje vizuri."

Mama Vasudha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sari muda mrefu.

Nikafuta tena. Mzee akasema ameridhika. Nikapumua.

Dkt. Revathi akaandika, akasema nimefaulu. Nikajua tumemaliza. Lakini hakukata simu.

"Mama," akasema, na sasa hakuwa mtahini tena, "unaondoka lini? Unaye mwenzako wa njiani?"

Waliondoka pamoja baada ya sikukuu ya Diwali, mteja wangu na mtahini wangu, kila mmoja na fimbo na kifurushi. Dkt. Revathi alichukua likizo isiyo na mshahara. Mpango wa hiyo likizo nilimwandalia mimi, kutoka ofisini kwangu Pune.

Wenzangu mnaosomea kazi hii, mkifika nyumbani kwa watu, aliyeleta chai naye mwambieni akae, mumuulize.