Mara Tatu na Kidogo

Fundi anayewashonea wasichana wa mtaa wetu hapa Laredo magauni ya sherehe ya kutimiza miaka kumi na tano hubana pini midomoni siku nzima, kwa hiyo huongea kwa pembe ya mdomo. Kila anapompima msichana kiuno humuuliza, “Na hesabu shuleni je?” Akijibiwa ovyo, huikaza tepu mpaka mtoto apige yowe. Sketi huitandaza sakafuni ikawa duara, akaipima upana katikati, akanong'ona, “Mara tatu na kidogo,” kisha hukata lesi ya upindo, nayo huzunguka duara lote bila kupungua hata kidole.

Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu, Xiomara. Alipoulizwa, akasema analiacha darasa la hesabu za juu, maana msichana ni yeye peke yake na wavulana wanamcheka. Tepu haikukazwa. Fundi aliinamia sketi tu, akanong'ona yake ileile, “Mara tatu na kidogo.”

“Shangazi, hiyo inaitwa pai!” Xiomara akadakia. “Ndiyo tunayofundishwa. Wewe ulifundishwa na nani?”

“Nani anifundishe? Shule niliacha darasa la nne. Nilipimapima masufuria ya mama kwa uzi, upana na mzunguko, yote yakaja vilevile.”

Akatoa pini mdomoni, moja moja, hadi zikaisha. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. “Kumbe ina jina,” akasema, akiipapasa lesi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Halafu akamshika Xiomara mkono. “Jumatatu urudi huko, mwanangu. Wakicheka, wacheke. Kuna mengine ninayoyajua. Ukaniulizie nayo yanaitwaje.”