Kuhesabu Foleni ya Namanga

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, malori ya vitunguu vya Mang'ola yalianza kupita hapa Karatu kwenda Namanga, na madereva walikunywa chai kwenye kibanda changu. Anayekwenda alitaka kujua anayerudi amengoja kiasi gani, lakini mara nyingi walipishana njiani. Basi nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikawa naandika: siku, mzigo, masaa ya kungoja. Mimi niliishia darasa la nne, na sina hakika kama nilijua ninachokipima.

Msimu mmoja alikuja mama amepanda lori na vitunguu vyake. Mvua iliwapiga wakipandisha kutoka bondeni, magunia ya chini yakalowa. Ama ashushe hapa avianike siku mbili, ama aende moja kwa moja.

"Dada, daftari linasemaje?"

"Lori la juzi lilingoja masaa matatu."

"Masaa matatu vitavumilia. Twende."

Kesho yake yule dereva wa masaa matatu akapita tena. Nikamuuliza aliwezaje kuvuka upesi hivyo.

"Nilihesabu tangu nilipokabidhi karatasi kwenye dirisha la forodha. Kwenye foleni nilikaa siku mbili."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, dada. Foleni nani anaihesabu?"

Nilikasirika, halafu nikajizuia. Hakunidanganya. Wenzake walihesabu tangu waliposimama nyuma ya gari la mwisho, yeye tangu dirishani, na mimi nikayaandika yote kama kitu kimoja. Kosa nililigawa: lake dogo, langu kubwa. Huenda hata hapo nilijipendelea.

Mama alipopita tena kwenda Namanga, nilimweleza yote kabla hajaketi.

"Kweli uliniponza," alisema. "Nilikuta malori mpaka macho yanachoka. Nikalia. Dereva wa mbao aliyekuwa mbele yetu akashuka, akasikia harufu, akapiga kelele: 'Mpisheni mama, mbao zangu haziozi!' Na wa ngozi naye: 'Za kwangu zimeshanuka tangu Arusha, zitangoja!' Wakasogea pembeni mmoja mmoja."

Magunia machache ya chini yalioza. Mengine aliuza.

Madereva wale wengi sikuwahi kuwaona hata sura, nami nawashukuru mpaka leo. Walibeba kosa langu bila kujua ni la nani. Yule mama namshukuru zaidi, maana nje alikuwa na mzigo mwingine, na akaniuliza tena:

"Haya, leo linasemaje?"

Nilifungua daftari. Masaa yalikuwepo, tena mengi.

"Mama, kusema kweli sijui. Hawa sikuwauliza walianzia wapi kuhesabu."

Nilidhani atageuka aende zake. Akavuta kiti. "Basi nitamngoja anayerudi. Nipe chai."

Mchana likafika lori tupu kutoka Namanga, dereva ana vumbi mpaka kwenye kope. Kabla sijafungua mdomo, mama akamwahi:

"Mwanangu, pole na safari. Umengoja masaa mangapi? Na uanzie pale gari liliposimama, huyu dada anaandika."