Uso wa Shangazi Kavugho Majini

Siku tuliyomzika shangazi yangu Kavugho naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo damu inanichemka. Mwanangu, keti. Jana wewe na wenzako mlinikuta nimepiga magoti kando ya dibwi hapa Butembo mjini, napiga picha ya magorofa yaliyolala ndani ya maji. "Papa, simu ya bei vile ni ya kupiga matope?" Mkacheka mpaka mkashikana mabega. Sawa. Sasa sikiliza.

Mimi shule niliiacha primaire ya nne. Leo malori mawili yanayopanda Beni ni yangu, nyumba ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini kabla ya lori la kwanza nilinunua apareyi ya picha, kuukuu, sokoni Beni. Vijana wenzangu walinunua viatu. Nami nilipenda kitu kimoja tu: vitu vinavyojitazama majini. Mikaratusi ndani ya mto Kimemi, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ndani ya dibwi, mawingu ndani ya beseni. Baba mdogo Kambale aliniita Bwana Madibwi mbele ya wageni. Nikaendelea kupiga picha. Usitukane mkunga na uzazi ungalipo.

Shangazi Kavugho ndiye aliyenilea, kwa karoti alizoosha kijitoni kila asubuhi na kuzibeba sokoni. Picha alizikataa maisha yake yote, hata ya harusi hakuwa nayo. Siku moja nikamwomba nipige yale maji yaliyo mbele yake.

"Maji ni ya Mungu, piga tu," akacheka. "Lakini miye usinipige."

Yeye alijua, nami nilijua. Nikapiga: karoti juu, na chini yake, majini, uso wake uliopinduka, na kovu lake la shavuni, anacheka.

Alipofariki, familia ikatafuta picha. Kwetu, mjukuu hutangulia sanduku akiwa ameshika picha ya marehemu kifuani, ili mji umjue anayekwenda. Nikaleta yangu. Baba mdogo Kambale akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Hii nini? Ukiisimamisha, kovu inakwenda upande ingine. Huyu hapana yeye! Batu batatucheka, mais non!"

Unajua alichofanya, mwanangu? Alichukua picha ya Masika, mdogo wake Kavugho, kwa kuwa walifanana, akaitia fremu na kuizungushia maua. Masika mzima! Masika aliyekuwa jikoni palepale kwenye matanga, anamenya ndizi! Aibu ya watu wanaoogopa macho ya watu kuliko wanavyomwogopa Mungu.

Sanduku likatolewa. Masika naye akatoka jikoni ili amsindikize dada yake, akajiona mbele ya sanduku.

"Kambale!" Kilio chote kikakatika. "Miye nimekufa lini? Unanizika mikono ingali na utomvu wa ndizi?"

"Yaya, dada yangu, ilikuwa kwa heshima ya..."

"Heshima ya nani? Leta ile ya maji!"

Nikaileta mbio. Kambale akaanza tena habari ya kovu. Masika akamkata: "Weye ulimuona na macho yako. Yeye uso wake aliuona wapi? Kijitoni, kila siku, kovu upande huu huu. Donc iko yeye, vile alijijua."

Mjukuu akaishika vilevile nilivyoipiga, karoti juu, uso chini. Na njia nzima mpaka makaburini, matajiri wa maduka, masista, watu wa pikipiki, kila mmoja aliinamisha kichwa kuutafuta ule uso. Mji ambao haukuwahi kumwinamia muuza karoti, siku ile ulimwinamia.

Baba mdogo hakuniita tena Bwana Madibwi. Wala hakuniomba radhi, na hilo bado linaniuma.

Basi, mwanangu, shika haya. Mtu akitazama kitu kwa upendo, usimcheke kabla hujainama ukaona anachokiona. Na usimvalishe mpendwa wako uso wa mwingine ili jirani akusifu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kambale iliishia mlangoni pa jikoni.

Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu, akupe maji yaliyotulia. Na siku yako ikifika, asikosekane mtu wa kukuinamia.