Kitambi cha Vénérand

Tumbo la Vénérand lilipoanza kutokeza, Warundi wenzake wa Durban walifurahi kwa niaba yake. Alikuwa kinyozi katika saluni moja ya mtaa wa Overport, mrefu, mwembamba tangu utotoni, na siku zote mtu wa kukaa nyuma. Sasa kifungo cha kati cha shati kilikuwa hakifungiki. Kwenye harusi ya binti mmoja wa kanisani, mshereheshaji alimshika mkono akampeleka meza ya mbele, kwa wenye maduka.

"Eish, bosi," alisema rafiki yake Gilbert, akimgonga tumboni kama mtu anayebisha hodi. "Humu ndani iko nini? Umemeza duka zima?"

"Nimemeza rafu tu. Kaunta bado."

Meza nzima ikacheka. Vénérand alicheka nao, ingawa sahani yake ilikuwa haijaguswa. Siku hizi vijiko vichache tu vilimtosha, kisha alihisi amejaa hadi kooni.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mke wake, Valérie, aliyebaki Bujumbura na mtoto wao, Gaël.

"Papa Gaël, simama nikuone," alimwambia kwenye simu ya video. "Geuka upande. Haya, dada zangu waliosema nimeolewa na ufito, waje waone."

Vénérand akageuka upande, na huko mbali Valérie akapiga makofi.

Shibe hiyo ilipozidi alikwenda kupimwa, na hospitalini daktari alizungumza naye polepole. Hicho hakikuwa kitambi. Ilikuwa kansa, na tena ya aina adimu sana. Ilikuwa imeanzia kwenye kidole tumbo, kikapasuka kimyakimya, kikasambaza tumboni chembe zinazotoa ute mzito kama wa bamia. Ute huo ulikuwa ukijaa taratibu na kuusukuma utumbo pembeni, ndiyo maana alishiba upesi. Angepasuliwa, watoe kila wanachoweza kutoa, kisha tumbo lioshwe kwa dawa iliyopashwa moto. Huenda ugonjwa ukakaa kimya miaka mingi, huenda ukarudi. Ingebidi azoee kuishi na kupimwa.

"Nyumbani nani anajua?" daktari aliuliza.

"Wote wanaliona."

"Sikuuliza nani analiona."

Ndani ya teksi ya kurudi, Vénérand aliipanga vizuri sentensi ya kumwambia Valérie. Lakini Valérie alipopiga simu, Gaël alikuwa mapajani mwake, anataka kuona tumbo la bosi. Vénérand akasimama, akageuka upande.

Saluni na kwa Gilbert alisema anakwenda Johannesburg kwa shughuli zake. Kwa Valérie alisema aendako mtandao ni wa shida. Kisha akaenda kupasuliwa peke yake. Wodini, saa ya kutazama wagonjwa ilipofika, ndugu walivizunguka vitanda vingine wakiwa na matunda na vicheko vya kutia moyo. Yeye alifumba macho, ili wauguzi wadhani amelala na wasimwonee huruma.

Alirudi chumbani kwake akiwa mwepesi, na mshono umetoka chini ya kifua hadi kinenani. Suruali zake zilimvuka. Kwa majuma kadhaa alipiga simu za sauti tu, akisingizia kwamba kamera imeharibika. Valérie akaanza kujibu kwa maneno machache. Siku moja akasema, bila hasira:

"Papa Gaël, kama iko mwanamke hapo, sema. Nitalia, halafu nitanyamaza."

Vénérand alikaa kitandani. Alikuwa ameogopa kumnyang'anya furaha yake, na sasa alikuwa anampoteza Valérie mwenyewe. Akawasha kamera, akaiegemeza simu dirishani, akafungua shati.

Valérie aliuona uso uliobaki mifupa, kisha akauona mshono. Vénérand alimweleza yote, ute na dawa ya moto na kupimwa kusikokwisha. Sentensi aliyoipanga kwenye teksi hakuikumbuka.

"Siku Gaël alipotaka kukuona," Valérie akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukageuka."

"Niligeuka."

Valérie alijifuta uso kwa pindo la kitenge. "Nani alikupeleka hospitali?"

"Teksi."

"Nani alikuletea uji?"

"Kule wanatoa chakula, Mama Gaël."

"Nimeuliza nani."

Vénérand alianza kufunga vifungo vya shati. Vidole vyake havikuwa na haraka.

"Gilbert anakaa mbali na hapo?" Valérie aliuliza.

"Jengo la pili. Lakini hajui kitu. Anadhani nilikuwa Johannesburg."

"Nenda umwambie. Sasa hivi. Usikate simu."

Akatoka. Ngazi zilikuwa na watu wanaopanda na mifuko ya sokoni, wakimpita bila kumtambua. Katikati ilibidi ashike ukuta. Valérie, ambaye kwenye skrini aliona dari na kidevu cha mumewe tu, akauliza mbona amesimama.

"Napumua."

"Pumua," akasema. "Mimi siendi popote."